Matamasha ya Filamu za Kujitegemea: Maswali Mnayotuuliza Mara kwa Mara, Arusha na Moshi

Maswali haya hutufikia kila msimu wa matamasha unapokaribia. Mengine yanakuja kwa simu, mengine kwa ujumbe, na mengi zaidi yanaulizwa mlangoni baada ya maonyesho, watu wakiwa bado hawataki kwenda nyumbani. Tumeyakusanya hapa. Wanaojibu ni watu wa mikoa hii miwili, Arusha na Kilimanjaro, wanaotengeneza filamu, wanaozionyesha na wanaozipenda. Si lazima uanze juu, nenda kwenye lile linalokuhusu.

Tamasha la filamu za kujitegemea ni nini hasa? Si sawa na uzinduzi?

Hapana. Filamu ya kujitegemea ni ile iliyotengenezwa bila kampuni kubwa nyuma yake. Inatoka kwenye pesa ya mfukoni, michango ya ndugu, ruzuku ndogo, kamera ya kuazima. Tamasha ni siku chache ambazo filamu za namna hiyo, zilizochujwa na jopo, zinaonyeshwa hadharani huku waliozitengeneza wakiwepo.

Kwenye uzinduzi watu wanakuja kwa ajili yako. Umewaalika, wanakufahamu, na watapiga makofi hata kama sauti ilikuwa haisikiki. Kwenye tamasha anakaa mtu asiyekujua wala kukudai chochote, katoka Kaloleni au katoka Kampala, na filamu ikimchosha anasimama na kutoka. Huyo ndiye atakayekufundisha kazi.

Sina filamu. Naweza kushiriki?

Unaweza, na tunakuomba ushiriki. Tamasha la mkoani halina bajeti ya kuajiri watu, linasimama kwa wanaojitolea. Anatakiwa mtu wa kukaa mlangoni na kuhesabu watu, wa kupokea wageni uwanja wa KIA au stendi, wa kukimbia na maikrofoni wakati wa mjadala, wa kutafsiri papo kwa papo kati ya Kiswahili na Kiingereza, na wa kupiga picha. Fundi umeme anayejua kugawa mzigo ili projekta na spika zisizime katikati ya filamu tunamhitaji kuliko tunavyomhitaji mgeni rasmi.

Kuna kazi nyingine ambayo wengi hawaijui: kuchuja. Kabla ya majaji kuona kitu, kuna watu wanaokaa na filamu zote zilizotumwa, nzuri na mbaya, wanazitazama na kuandika maoni. Ukiiomba nafasi hiyo na ukaifanya kwa uaminifu, utaelewa ndani ya wiki mbili kwa nini filamu nyingi zinakataliwa. Utaona jinsi dakika tatu za mwanzo zinavyoamua kila kitu, na jinsi picha nzuri za mlima zisivyookoa hadithi isiyokuwepo. Kwa kijana anayetaka kuongoza filamu, hatujui shule ya bei nafuu kuliko hiyo.

Halafu kuna kuwa mtazamaji tu. Hiyo nayo ni kushiriki. Filamu iliyoonyeshwa kwa viti vitupu haijaonyeshwa.

Ni matamasha gani yaliyo karibu nasi?

La kwanza kulifikiria ni Tamasha la Kimataifa la Filamu Zanzibar, ZIFF, ambalo watu wa zamani wanaliita Tamasha la Nchi za Jahazi. Lilianzishwa mwaka 1997 na kufanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Maonyesho yake makubwa yanajulikana kwa kufanyika Ngome Kongwe, Mji Mkongwe, watu wakiwa wamekaa nje chini ya anga, na tuzo yake kuu ni Jahazi la Dhahabu. Tunachokipenda zaidi ni kwamba halikujifungia mjini: limekuwa likipeleka filamu vijijini, Unguja na Pemba.

Hapa kwetu Arusha tumewahi kuwa na Arusha African Film Festival. Zaidi ya hapo, maonyesho mengi ya mkoani ni madogo, ya siku moja au mbili, yanayoandaliwa na vituo vya utamaduni, vyuo na vikundi vya vijana. Usiyadharau. Filamu nyingi hupata watazamaji wao wa kwanza huko.

Kwa majirani, Rwanda ina tamasha lililoanzishwa mwaka 2005 na Eric Kabera, maarufu kwa jina la Hillywood kwa sababu linazunguka na skrini kubwa kwenye vilima vya nchi hiyo. Kenya na Uganda nazo zimekuwa na matamasha yao. Ukitazama mbali zaidi barani, kuna Durban, Afrika Kusini, tangu mwaka 1979. Kuna Carthage, Tunisia, tangu mwaka 1966. Na kuna FESPACO ya Ouagadougou, Burkina Faso, iliyoanza mwaka 1969. FESPACO kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka miwili, miaka isiyogawanyika kwa mbili, kwa hiyo ukikosa mwaka mmoja unasubiri sana. Tuzo yake kuu ni sanamu ya farasi wa Yennenga, na kwa mwongozaji wa Kiafrika ni heshima isiyo na mfano.

Ushauri wetu: anza na moja la nyumbani, moja la Afrika Mashariki na moja la ndoto. Kutuma filamu ileile sehemu arobaini ni kutupa hela.

Nimepiga filamu yangu kwa simu. Itakubaliwa?

Matamasha mengi hayaulizi ulipiga kwa kamera gani. Yanauliza kama filamu inatazamika na inasikika, na shida za huku kwetu ziko kwenye kusikika. Tumeona filamu zilizopigwa Kibosho ndani ya migomba, mwanga mzuri mno ukipenya kwenye majani, nyuso zinasema kila kitu, halafu mama anafungua mdomo na kinachosikika ni upepo na bodaboda inayopanda mlima.

Nunua au azima maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo. Ukiificha chini ya kitenge, ibane mahali ambapo kitambaa hakisuguani nayo mhusika akigeuka, kisha mwambie ageuke, ainame, anyooshe mkono, huku wewe umevaa spika za masikioni unasikiliza. Kila ukimaliza kupiga mahali, nyamazisha watu wote na urekodi nusu dakika ya ukimya wa mahali hapo. Mhariri wako atautumia kuziba nyufa kati ya maneno. Nusu dakika hiyo haina gharama yoyote, lakini watu hawaifanyi kwa sababu jua linazama na kila mtu anataka kuondoka.

Na simu yenyewe ilaze. Filamu iliyosimama wima inaacha giza pande zote mbili za skrini.

Filamu yangu ni ya Kiswahili. Nitengeneze ya Kiingereza ili ipokelewe?

Tunakusihi usifanye hivyo. Waigizaji wetu wakilazimishwa kuongea lugha wasiyoiota usiku, wanasimama kama wanafunzi waliokariri. Kiswahili chako, Kichaga chako, Kimaasai, Kimeru, vyote vinapokelewa. Kinachotakiwa ni maandishi ya tafsiri chini ya picha, kwa kawaida ya Kiingereza, na kwa matamasha ya Afrika Magharibi mara nyingine ya Kifaransa. Filamu ya Kimaasai ikionyeshwa Arusha iwekewe maandishi ya Kiswahili pia, maana jirani wa Sakina asiyejua Kimaasai naye ana haki ya kuifuata.

Maandishi hayo yana ufundi wake. Mistari isizidi miwili kwa wakati mmoja, na kila mstari usizidi takribani herufi arobaini. Hata neno moja likae skrini angalau sekunde moja. Maandishi yasivuke kutoka picha moja kwenda nyingine bila sababu, kwa kuwa jicho la msomaji huanza kuyasoma upya. Yatengeneze kwenye faili lake peke yake, lile la SRT, yaani faili la maneno na muda wa kila mstari kuonekana, usiyagandishe kwenye picha ya nakala yako mama, kwa sababu kesho utaombwa lugha nyingine.

Usiiachie programu ya kutafsiri kazi hii peke yake. Programu haijui kwamba wifi anayesema "karibu sana" kwa sauti ile anamfukuza mgeni. Tafuta mtu anayezijua lugha zote mbili, kaa naye, tazameni filamu pamoja sentensi kwa sentensi, na mwambie kila mhusika anamaanisha nini. Ni kazi ya siku kadhaa. Tumeona filamu nzuri za Moshi zikikataliwa kwa sababu mchujaji wa nje hakuelewa nani ni mtoto wa nani, na kosa lilikuwa kwenye tafsiri tu.

Natumaje filamu?

Matamasha mengi sasa yanapokea kupitia tovuti za kutuma filamu, na inayotumika zaidi ni FilmFreeway. Kufungua ukurasa wa filamu yako humo ni bure. Unaweka jina, muhtasari, wasifu wa mwongozaji, picha mbili tatu, orodha ya waliohusika, na filamu yenyewe, aidha kwa kuipakia moja kwa moja au kwa kuweka kiungo chenye neno la siri. Ukishaandaa ukurasa huo mara moja, unautuma popote.

Muhtasari uwe mfupi. Sentensi mbili zinazosema nani anataka nini na nini kinamzuia. Majigambo ya kwamba ni filamu ya kusisimua itakayogusa mioyo ya wengi yaache, mchujaji atajionea mwenyewe.

Kuhusu bando: filamu ya dakika kumi kwenye ubora mzuri wa kutazamia, kama megabiti 20 kwa sekunde, ni gigabaiti moja na nusu hivi. Usianze kuipakia usiku wa mwisho wa kutuma ukitegemea simu. Panga usiku mmoja wiki moja kabla, au nenda mahali penye intaneti ya waya. Ikishapakiwa, mwombe rafiki aifungue kwa simu yake na kuitazama mpaka mwisho. Neno la siri lililokosewa herufi moja limewakosesha watu nafasi.

Mbona wanatoza ada? Na kama sina?

Baadhi ni bure, baadhi wanatoza, na ada hupanda kadiri siku ya mwisho inavyokaribia, kwa hiyo wahi. Malipo ni kwa kadi inayokubali kununua mtandaoni. Kama huna, muulize benki yako au kampuni yako ya simu.

Ukiwa huna uwezo, andika barua pepe kabla ya kulipa uombe kusamehewa ada. Iwe na mistari mitano: wewe ni nani, unatoka wapi, filamu inahusu nini, ina dakika ngapi, na kwamba ada hiyo huimudu. Matamasha mengi yanayotafuta filamu za Afrika hukubali. Omba bila kujidhalilisha, nao wanaihitaji filamu yako.

Nimeshaiweka YouTube. Nimeharibu?

Inategemea. Baadhi ya matamasha, hasa makubwa, yanataka yawe ya kwanza kuionyesha, ama duniani, ama Afrika, ama nchini. Ikishakuwa wazi mtandaoni wanaona imeshaonyeshwa. Mengine hayajali, hasa kwa filamu fupi. Soma kanuni kabla. Kama bado hujaiweka, subiri mpaka mzunguko wa matamasha uishe, kwa kawaida mwaka mmoja au miwili.

Hata mpangilio wa wapi kwanza una uzito. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilianzia Toronto, Kanada, Septemba 2021. Kuanzia pale kuliifungulia milango. Kwa filamu yako ya kwanza ya dakika nane, lakini, usikatae onyesho la Moshi kwa kuingoja Toronto.

Nahitaji vibali gani?

Utengenezaji na uonyeshaji wa filamu Tanzania uko chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya mwaka 1976, na msimamizi wake ni Bodi ya Filamu. Kibali cha kupiga kinaombwa kabla ya kupiga, na filamu hukaguliwa na kupangiwa daraja kabla ya kuonyeshwa kwa umma. Afisa utamaduni wa wilaya yako ndiye mtu wa kwanza wa kumwona. Nenda mapema, nenda na andiko lako, na salimu vizuri.

Ndani ya hifadhi ni habari nyingine. Arusha, Kilimanjaro, Tarangire na nyingine ziko chini ya TANAPA, yenye makao makuu yake hapahapa Arusha, na kupiga filamu humo kuna kibali na malipo yake. Ngorongoro ina mamlaka yake yenyewe. Droni inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na ya Wizara ya Ulinzi. Watu wanarusha droni kwa wiki ya harusi wakadhani ni kawaida, kisha filamu inakwama tamasha linapoomba nyaraka.

Kuna njia rahisi: mlima unaonekana vizuri ukiwa Rau au Machame, kutoka shambani kwa mtu aliyekuruhusu.

Naweza kutumia wimbo wa msanii ninayempenda?

Bila ruhusa ya maandishi, hapana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwenye wimbo, na inakulinda wewe pia siku mtu atakapoichukua filamu yako. Ruhusa ni mbili: ya aliyetunga na ya anayemiliki rekodi. Rahisi zaidi ni kumtafuta mpiga gitaa au kwaya ya mtaani kwako, kuwalipa mnachokubaliana, na kuandikishana. Isajili filamu yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukishaimaliza.

Tuliwapiga picha watu kijijini. Idhini ya mdomo inatosha?

Hapa tunaomba uwe na subira nasi, maana jambo hili linatuuma.

Mikoa yetu imepigwa picha sana. Mzee wa Kimaasai wa Longido au Monduli ameona kamera nyingi kuliko wewe, na nyingi zilichukua sura yake zikaenda nayo moja kwa moja. Hakuwahi kuona picha hiyo, hakujua imeandikwa nini chini yake. Ukija na kamera yako hata kama wewe ni mtoto wa hapo, umekuja juu ya historia hiyo.

Kwa hiyo, idhini iwe ya maandishi, au irekodiwe kwa kamera kwa lugha anayoielewa mhusika, akieleza mwenyewe kwa maneno yake amekubali nini. Mwambie filamu itaonyeshwa wapi, kwamba huenda ikafika mtandaoni, na kwamba watu wa kwao wataiona. Mtoto, mwombee idhini kwa mzazi au mlezi, na umuulize mtoto mwenyewe pia. Kama ni boma, anza kwa wazee. Hadithi ya mama aliyepigwa, binti aliyekeketwa, mtu anayeishi na virusi: fikiria ni nani atakayemtambua, na anaishi na nani. Mara nyingine uso usionekane kabisa.

Ukimaliza, rudi ukawaonyeshe kabla haijaenda kwingine. Kompyuta moja na spika moja chini ya mti vinatosha. Wakikuambia kipande fulani kitawaletea matata, kitoe, hata kama ndicho ulichokipenda.

Nimepokea ujumbe kwamba filamu yangu imeshinda tuzo tamasha nisilolijua. Ni kweli?

Kuwa macho. Kuna matamasha ya jina tu, yanayogawa tuzo kila mwezi kwa kila aliyelipa ada, kisha yanakuuzia cheti na sanamu. Tamasha la kweli lina ukumbi, lina ratiba za miaka iliyopita unazoweza kuzisoma, lina majaji wenye majina, na lina watu waliowahi kuhudhuria. Mwandikie mwongozaji mmoja aliyewahi kuonyesha hapo. Tamasha la kweli halikudai hela baada ya kushinda.

Filamu imechaguliwa! Sasa?

Hongera, na pumzika siku moja. Kisha jibu barua pepe yao ndani ya muda waliokupa.

Watataka nakala ya kuonyeshea. Kumbi kubwa za sinema zinatumia DCP, ambayo ni nakala maalum ya sinema, kwa kawaida ya picha 24 kwa sekunde. Kuna programu za bure za kuitengeneza, lakini ijaribu kwenye ukumbi halisi kabla ya kuituma. Matamasha madogo yanakubali faili la kawaida la ubora wa juu. Watataka pia posta, trela, picha zisizo na maandishi juu yake, na faili la SRT.

Kama ni onyesho la huku kwetu, nenda ukumbini siku moja kabla. Kumbi nyingi za Arusha na Moshi zilijengwa kwa mikutano na harusi, si kwa filamu. Madirisha ni makubwa, mapazia mepesi, na saa kumi jioni jua la magharibi linaingia moja kwa moja na kuifuta picha yako yote ya usiku. Beba mashuka meusi na gundi ya karatasi. Kaa kiti cha nyuma kabisa, mwambie fundi acheze dakika mbili za mazungumzo ya chini kabisa kwenye filamu yako. Kama huyasikii ukumbi ukiwa mtupu, hutayasikia kabisa watu wakijaa, kwa sababu miili na nguo za watu hunywa sauti. Mwombe apandishe, na andika kwenye karatasi kipimo mlichokubaliana. Usisahau kuipanga kompyuta ili kioo chake kisijizime chenyewe katikati ya filamu, na uzime ujumbe wa simu kama unachezea kutoka kwenye simu.

Sina nauli ya kwenda.

Waulize waandaaji, baadhi hulipia malazi hata wasipolipia safari. Kwa Zanzibar, basi la usiku mpaka Dar es Salaam kisha boti ndiyo njia ya wengi, na ukiwa na wenzako mkachangia chumba inawezekana. Tazama pia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa. Usipoweza kwenda kabisa, rekodi salamu ya dakika moja kwa simu, wengi watakubali kuionyesha kabla ya filamu.

Imekataliwa. Waliiona kweli?

Mara nyingi ndiyo, japo si lazima mpaka mwisho. Kukataliwa kuna sababu nyingi ambazo hazihusu ubora: tayari wana filamu mbili za mada ileile, au yako ina dakika 38 na nafasi iliyobaki ni ya dakika 15. Urefu huo wa katikati ni mgumu sana kupangika. Kama filamu yako iko kati ya dakika 25 na 50, kaa tena na mhariri na mjiulize kwa uaminifu. Usiwajibu kwa hasira, kesho utarudi kwao na filamu nyingine.

Tunataka kuonyesha filamu mtaani kwetu, Majengo. Tunaanzaje?

Swali hili tunalipenda kuliko yote.

Omba kwanza ruhusa ya serikali ya mtaa, na ya mwenye kila filamu. Kwa filamu za nje ya mkoa, mwandikie mwongozaji moja kwa moja, wengi wanafurahi sana kusikia filamu yao inakwenda Moshi. Panga kati ya Juni na Septemba au Januari na Februari, ukikwepa masika na vuli. Julai ni kavu lakini Arusha kuna baridi, kwa hiyo waambie watu waje na mashuka. Jua kwetu huzama kabla ya saa moja jioni, na picha haionekani vizuri mpaka saa moja na robo. Muda huo wa kusubiri wape watoto ngoma au muziki, vinginevyo wataondoka.

Projekta ya lumeni (kipimo cha mwanga) 3,000 kwenda juu inatosha kwa kitambaa cha upana wa mita tatu au nne. Shona shuka jeupe na nyuma yake uweke jeusi, mwanga usipite. Funga kamba chini pia, siyo juu tu, upepo ukija skrini inavimba na nyuso za watu zinapinda. Jenereta iwe mbali, nyuma ya nyumba, na waya mrefu. Zingatia nyakati za swala na ratiba ya kanisa la jirani, nenda ukawaambie mapema.

Kwa filamu za lugha nyingine, usitegemee maandishi pekee, bibi wa mstari wa mbele huenda haoni. Vibanda umiza vilitatua jambo hili siku nyingi: mtu mmoja na maikrofoni anasimulia kwa Kiswahili papo hapo. Mtafute mmoja mwenye kipaji hicho, mpe filamu siku tatu kabla aisome, mwombe aache ukimya pale filamu inaponyamaza.

Kuna hela kwenye matamasha?

Kidogo. Tuzo chache zina fedha. Unachopata ni watu: mnunuzi wa televisheni, mtayarishaji wa nchi jirani, mhariri mwenzako wa kazi ijayo. Ndiyo maana kwenda mwenyewe kuna faida kuliko kutuma faili.

Nifanyeje siku ya tamasha lenyewe?

Ingia kwenye filamu za wenzako. Tunalisema hili kwa uchungu, maana tumeliona mara nyingi: mwongozaji anakuja na familia na marafiki ishirini, wanajaza ukumbi, filamu yao inaisha, wote wanasimama na kutoka, na filamu inayofuata ya binti aliyesafiri kutoka Singida inaanza mbele ya viti vitupu. Waambie wageni wako tangu mwanzo kwamba mtakaa mpaka mwisho wa kipindi.

Kwenye mjadala wa filamu yako, jibu kwa Kiswahili kama ndicho kinachokutoka vizuri, mkalimani yupo. Usianze kueleza maana ya filamu kabla hujaulizwa. Ukiulizwa swali linalokukera, mshukuru aliyeuliza na useme ulichokusudia. Kwenye mjadala wa filamu ya mwenzako, uliza juu ya kitu ulichokiona: kwa nini mlango ule ulibaki wazi, kwa nini baba hakuongea mpaka mwisho. Hotuba ya dakika tano mfikishie nje, mkinywa chai.

Na njoo na daftari. Majina unayoyasikia kwenye foleni ya chai ni ya watu utakaohitaji kuwapigia simu mwezi ujao, na betri ya simu inakwisha kabla ya saa mbili usiku.